Mwanamke Anayenileta Shule

Harufu ya losheni ya mikono ndiyo iliyonijulisha kwamba mama amerudi kutoka zamu ya usiku. Alikuwa akiwahudumia wazee katika makao yao, mtaa wa Erdington huku ughaibuni, na mwaka niliotimiza miaka kumi, alikuwa akifika asubuhi macho mekundu kwa usingizi, kisha akinipeleka shule kabla hajalala. Njiani ilikuwa lazima tusimame mahali tutazame kitu kimoja kizuri. Leo rangi za mafuta ya magari kwenye kidimbwi kando ya barabara, kesho pumzi zetu zikipanda kama moshi kwenye baridi. "Usiseme kitu," alikuwa akiniambia. "Tazama tu, halafu twende." Niliipenda sana desturi ile, mpaka nilipoanza kutafuta marafiki.

Asubuhi moja buibui alikuwa ametanda utando kwenye geti la shule, umejaa umande, na kila tone limeshika jua lake. Mama aliinama kuutazama, sare ya kazi ikichungulia chini ya koti. Watoto wakaanza kucheka. Msichana niliyetamani awe rafiki yangu akaniuliza kwa Kiingereza kama yule ni mama yangu. Nikajibu kwa Kiingereza hichohicho, kwa sauti ya kusikika, "Hapana. Ni mwanamke anayenileta shule tu." Mama aliinuka polepole. Akanifunga skafu vizuri shingoni, akasema, "Haya, mwanangu, usichelewe." Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo pale tuliielewa sisi wawili tu, ili asiniumbue. Tangu siku hiyo hatukusimama tena njiani, na mimi nilifurahi kwamba tunafika mapema.

Sasa mimi ni muuguzi. Juzi kazini tulifundishwa kutuliza moyo kwa kutazama kila siku kitu kidogo kizuri, tukapewa karatasi za kuandika tulichokiona, na wenzangu wakaandika, wakasifu. Karatasi yangu niliirudisha tupu. Jumapili nilikwenda kwa mama, siku hizi yuko mtaa wa Northfield, upande wa pili wa mji, nikamwomba radhi.

"Nilikusamehe palepale getini," alisema. "Ila nilikuwa mchovu sana siku zile. Vile vitu tulivyovitazama ndivyo vilivyonifikisha nyumbani."

Nikamwomba tutoke kidogo, tutazame kitu kimoja kama zamani. Akapapasa goti lake bovu. "Nenda wewe, utanisimulia."

Nilisimama mlangoni pake kwa muda mrefu, nikitazama barabara ya mji niliokulia, na nikarudi ndani bila kitu kizuri hata kimoja cha kumsimulia.