Ndoo ya Maua ya Hiske

Kengele ya mlango wa mbele ilipolia, Aafke alikuwa jikoni akimenya viazi, na kabla hajaweka kisu chini alijua kuna mtu amekufa. Kijijini Oudeterp hakuna anayepita mlango wa mbele. Jirani huzunguka nyuma, akavua viatu vya shambani, akaingia jikoni na kusema lililomleta. Mlango wa mbele ni wa mchungaji, daktari na jeneza.

Akafungua. Alikuwa Douwe, mfugaji wa ng'ombe, jirani wa dada yake. Kofia ameishika mkononi.

"Ni Hiske," Douwe alisema. "Nimemkuta bustanini."

"Ameanguka?"

"Ameanguka, ndiyo. Lakini hakuamka tena, Aafke. Daktari yuko naye. Anasema ni moyo."

Aafke alimtazama miguuni. "Viatu vyako vina tope. Zunguka nyuma."

Na Douwe, mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba ndama, akaizunguka nyumba nzima polepole, akavua viatu mlango wa nyuma, akaja kuketi naye jikoni. Viazi havikumenywa tena siku ile.

Walikuwa dada wawili, Aafke mkubwa, Hiske mdogo. Aafke aliolewa, akazika mume, akabaki na kanisa. Ijumaa jioni alifagia kanisa na kupangusa viti. Jumapili alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia mama yao. Hiske hakuolewa. Alifua mashuka katika nyumba ya wazee mjini mpaka alipostaafu, na kiangazi chote alichokuwa nacho aliwapa watoto wa watu wengine.

Ilianza kwa sababu ya mvua. Mwaka mmoja shule zilipofungwa, wenye magari walifunga mahema juu ya paa wakaenda kusini kutafuta jua, na waliobaki kijijini wakabaki na watoto wanaogombana ndani ya nyumba. Hiske alipanda baiskeli akaenda kwa Douwe.

"Ng'ombe wako Jumatano wanaweza kutazamwa?"

"Kutazamwa na nani? Wao hawajali."

"Na choo kipo?"

"Cha ng'ombe au cha watu?"

Choo ndicho kitu cha kwanza alichouliza kila mahali. Mama mmoja alipomsifia ufukwe fulani mzuri, Hiske alimjibu, "Uzuri hautamsaidia mtoto wa miaka minne aliyebanwa na mkojo." Sharti lake la pili lilikuwa kwamba mtoto mwenye baiskeli ndogo aweze kufika na kurudi bila kulia. Kwa masharti hayo mawili alizunguka wilaya nzima. Alimshawishi mlinzi wa mnara wa kanisa awaruhusu watoto wapande mpaka kwenye kengele. Alijua ni lini maji yanakupwa, na ni sehemu gani ya tope la bahari inayokamata vifundo tu bila kuvuta mtu. Alimpata mzee aliyekuwa bingwa wa kuruka mifereji kwa mti mrefu, mzee akawafundisha watoto kuruka, wakatumbukia majini mmoja baada ya mwingine, na mama zao wakarudi nyumbani na magunia ya nguo mbichi. Siku ya mvua walikaanga chapati za maji kwa Hiske, zikafuka moshi mpaka barabarani.

Mipango ya wiki nzima aliiandika kwa chaki kwenye ubao nje ya nyumba yake. Wazazi walipunguza mwendo wa baiskeli, wakasoma, wakaendelea.

"Umeshawaona watoto wako leo?" Aafke alimwuliza siku moja, kwa kejeli.

"Nimewaona wote. Mmoja ana chawa. Usikae karibu na mimi."

Basi ndivyo walivyopendana, kwa maneno ya namna hiyo. Sasa Aafke alikaa na karatasi ya kadi ya msiba mbele yake. Kadi huandikwa siku ileile, maana kijiji kizima huisubiri mlangoni. Aliandika jina, tarehe, na kwamba Bwana amemwita dada yake mpendwa, maziko Jumamosi. Chini kabisa aliandika maneno ambayo baba yao aliyaandika kwa mama yao, na ambayo Aafke mwenyewe aliyaandika kwa baba: bila maua. Baba alisema maua humsifu aliyekufa, na kaburini asifiwe Mungu peke yake. Aafke aliliamini hilo tangu utotoni, wala kalamu yake haikusita.

Watu wa kijiji kile wakisoma bila maua, hawaleti hata jani.

Wiki hiyohiyo ilikuwa ya matembezi ya jioni. Kila mwaka, kabla shule hazijafungwa, watoto wote na wazazi wao hutembea jioni nne mfululizo kupita mashamba na mifereji, wakinyonya nusu limau lililochomekwa peremende. Jioni ya mwisho, jamaa husimama kwenye mstari wa kumalizia na maua, wakawapa watoto wao wanapofika. Kamati ya matembezi iliuliza kama waahirishe, Douwe akasema Hiske angewapiga kwa fagio.

Ijumaa alasiri Douwe alikuja kwa Aafke, safari hii kwa mlango wa nyuma. Alibeba ndoo iliyojaa maua mekundu na meupe.

"Haya ni ya bustanini kwa Hiske. Nimeyakata. Nani atasimama nayo?"

"Asimame wapi?"

Douwe aliiweka ndoo chini. "Hujui? Dada yako kila mwaka anasimama mwisho wa mstari na ndoo hii. Kuna watoto hawana anayewasubiri. Mama yuko kazini, baba hayupo, au wamesahau. Yeye anawapokea. Ndiyo maana alilima maua haya. Alikuwa akiyanyweshea asubuhi ile nilipomkuta."

Aafke hakujua. Ijumaa jioni zote hizo alikuwa kanisani na kitambaa cha vumbi. Alivaa koti lake jeusi, akaichukua ndoo.

Watoto walifika wakiimba, mikufu ya peremende shingoni. Bibi na babu waliwaita kwa majina, maua yakapeanwa, picha zikapigwa. Aafke alisimama pembeni na ndoo yake. Kisha akawaona, kama Douwe alivyosema: wale waliofika mstarini wakaangalia kushoto, wakaangalia kulia, halafu wakajifanya wanafunga kamba za viatu. Akawaendea. Ua moja, ua jingine. Wengine walisema asante. Mmoja aliuliza kama kuna jekundu.

Wa mwisho alikuwa msichana mwembamba, jina lake Fardau, ambaye mama yake alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha jibini. Hakuangalia kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akamtazama aliyeishika.

"Wewe si shangazi Hiske."

"Mimi ni dada yake."

"Hufanani naye." Akapokea ua lake. Akalinusa. "Kesho yeye ndiye anayefika, eti? Mama amesema amefika nyumbani kwa Bwana. Nani atampokea na maua?"

"Kadi imesema bila maua, mtoto."

"Kwa nini? Hakumaliza?"

Aafke aligeuka. Mchungaji Renske, mwanamke kijana aliyekuwa amesimama karibu, alikuwa amesikia.

"Mchungaji," Aafke alimwambia, "baba yangu hakutaka maua kamwe."

"Najua."

"Ni dhambi?"

"Kadi hiyo uliiandika wewe, Aafke. Mungu hakuiandika."

Aafke aliiweka ndoo tupu chini. Kisha alikwenda kwa Douwe, ambaye alikuwa na kipaza sauti cha kuitia majina, akamnyooshea mkono. Hakuwa amewahi kusema mbele za watu maishani mwake.

"Ni mimi, Aafke," alisema, na sauti ikavuma juu ya uwanja. "Kadi inasema bila maua. Nilikosea. Kesho watoto waje na ua walilopewa leo. Basi, ni hilo tu."

Akamrudishia Douwe kipaza sauti, akaenda nyumbani akalia, kwa mara ya kwanza tangu Hiske afe Jumatatu.

Jumamosi majirani sita walimtoa Hiske kwa mlango wa mbele. Ubao ulikuwa bado nje, na chaki yake ya likizo inayokuja: Jumatano, mnara, wenye kuogopa wabaki chini na mimi. Hakuna aliyeufuta.

Kanisani waliimba zaburi, mchungaji akasoma, akaomba. Kisha jeneza likazungushwa makaburi mara tatu, kama wanavyozungushwa wote hapo, kengele ikilia juu. Aafke alitembea nyuma yake. Mzunguko wa tatu ulipokwisha, watoto walikuwa wamejipanga pande mbili za njia iendayo kaburini, kila mmoja na ua lake la jana, mengine yamelala kichwa. Wabebaji walipunguza mwendo. Mtoto mmoja mmoja aliweka ua juu ya kifuniko cha jeneza. Fardau aliweka lake mwisho, akasema, "Umefika, shangazi," kwa sauti ya kawaida.

Jeneza likateremshwa pamoja na maua. Aafke aliomba Baba Yetu na wengine. Akatupa udongo, akapangusa mkono kwenye koti, na alipogeuka akamkuta Fardau bado amesimama peke yake, maana mama yake alikuwa kazini. Akamshika mkono, wakaenda kunywa kahawa na maziwa ukumbini pamoja na watu wengine.