Shati Jeupe Mbele ya Kompyuta

Juzi, kwenye studio ya picha hapa Kolwezi, mbele yangu kwenye foleni walikuwa mtu na mkewe. Walifukuzwa Angola, wakaingia kwa mpaka wa Dilolo na nguo za mwilini tu, na sasa walitaka picha za kadi. Kwenye kompyuta, uso wa bwana ukatokea bluu.

"Ni hii shimizi yako, tata," akasema mwenye studio, akigusa shati la bwana. "Nilipanga rangi za ekra ya kompyuta kwa kuifwata, nikizani iko mweupe."

Akaazima sahani ya unga kwa mama muuzaji mlangoni, akamshikisha bwana kifuani, akapiga tena na kupanga rangi upya kwa weupe wa unga. Uso ukarudi kuwa uso. Shati likawa rangi ya barabara ya Mashamba, vumbi jekundu tupu.

Mke akatazama kioo cha kompyuta, halafu shati, halafu sakafu. "Mi nilifula ile jana," akasema polepole.

"Rudisha bluu," akasema mumewe.

"Tata, utakuwa bluu mu kadi."

"Mi niko mweusi, kila mutu anayua. Lakini hii shimizi, batauliza nani aliifula."

Zamu yangu ilipofika, nilifunga koti hadi kidevuni. Shati langu nalo hufuliwa na mtu wa nyumbani.