Shule Iliyokunjwa Mwezi wa Sita

Alhamisi asubuhi Sondor alimwita Dulmaa kwa mzaha wake wa kila siku.

"Dada Dulmaa, njoo uwaone mbuzi wenu! Siku hizi wanapanga foleni."

Dulmaa akainuka na kikombe chake cha chai ya chumvi. Chumba chao kiko ghorofa ya nne, watu wanane na kompyuta zao, na dirisha moja linalotazama moshi wa makaa wa jiji la Ulaanbaatar. Sondor alikuwa amefungua picha mpya za setilaiti, zilizopigwa mwezi huu wa kumi. Kwenye nyika ya mkoa wa Zavkhan palikuwa na mahema manne meupe ya duara, yamesimama kwenye mstari ulionyooka. Mbele yake kulikuwa na vidoti vyeusi, navyo vimejipanga.

"Hao si mbuzi," alisema Dulmaa. "Mbuzi gani anajipanga?"

"Ni nini basi, mtaalamu wa mbuzi?"

Dulmaa aliinamia picha. Alisoma namba ya mahali pale pembeni mwa picha, akarudi mezani kwake akaiandika. Kompyuta ikamletea picha ya mwezi wa saba ya mahali palepale: nyasi, na juu ya nyasi miviringo minne iliyopauka. Hapakuwa na kitu kingine. Chini yake lilikuwa limeandikwa neno "hapana", na jina la Dulmaa.

Kazi yao pale ni kuzitafuta shule. Wenzao wa nchi nyingine wanatafuta visiwani na misituni, wao wamepewa nyika na jangwa. Mashine imefundishwa kuitambua shule kwa paa na uwanja wake, na ikiona kitu inachokitilia shaka inamletea mtu, na mtu ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, sijui. Ukibonyeza sijui, picha inapelekwa kwa wengine wawili waiangalie. Ukibonyeza hapana, umeizika. Shule zilizothibitishwa zinaingia kwenye orodha, na shule za kwenye orodha ndizo zinazofungiwa dishi la intaneti.

Dulmaa alikuwa haigusi sijui. Alizaliwa hemani, mtoto wa wafugaji waliohama mara nne kwa mwaka. Alipotimiza miaka sita alipelekwa bweni la wilayani, na likizo zikifika baba yake alikuja kumchukua kwa pikipiki. Wakifika juu ya kilima cha mwisho baba alizima injini amwonyeshe miviringo kwenye nyasi: pale tulikaa theluji ilipoyeyuka, pale walikaa kina mjomba. Hema likiondoka, alama yake hubaki. Kisha ukaja msimu mmoja wa baridi uliowaua wanyama wote, nao wakahamia mjini. Dulmaa akafunga vifurushi ghalani miaka sita, na jioni akasomea kazi hii ya takwimu mpaka akaipata. Wenzake wamekulia kwenye maghorofa. Wakiona miviringo wanabonyeza sijui. Yeye alibonyeza hapana bila kupepesa jicho, kwa kuwa aliijua: watu walikaa, watu wamehama. Kujua kwake ndiko kulikomponza.

Alimfuata kiongozi wao, Kaka Bayasgalan, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ni shule ya mahema," alisema Bayasgalan. "Inafunguliwa mwezi wa tisa, inakunjwa mwezi wa sita."

"Ndiyo. Na mimi nikaiangalia mwezi wa saba."

"Angekuwa Sondor, asiyetofautisha mbuzi na kondoo, angebonyeza sijui tukaiona."

Watu wakacheka. Dulmaa naye alijaribu kucheka, mdomo ukagoma.

"Nibadilishe sasa hivi?" aliuliza.

"Huwezi. Hapana haibadilishwi kwa picha ya juu. Wenye orodha wanataka picha iliyopigwa palepale chini, yenye tarehe na mahali, kutoka kwa mwalimu mwenyewe. Na orodha inafungwa kesho saa kumi na mbili jioni, mdogo wangu. Si saa kumi na mbili na dakika moja."

Hilo Dulmaa alikuwa analijua. Mafundi wako njiani, wanachimba mashimo ya nguzo za madishi kabla ardhi haijaganda. Ikishaganda hakuna sururu inayoingia mpaka mwakani, na orodha ya mwakani hakuna aliyeiahidi.

Alipiga simu ofisi ya elimu ya wilaya. Karani akamwambia hiyo ni shule ya kata ya Ulaan Khudag, na anayefundisha ni Mwalimu Khorloo, peke yake.

"Nipe namba yake, dada."

"Namba nitakupa, ila kule hakuna mtandao. Huwa anapanda kilimani Ijumaa baada ya masomo, anasoma ujumbe wake, anashuka."

Dulmaa alituma ujumbe mmoja, akatuma wa pili, akatuma wa tatu unaosema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Siku ile hakula. Kesho yake aliiweka simu mezani mbele yake na kila ilipotetemeka aliinyakua, na kila mara alikuwa ni shangazi yake anauliza habari za unga. Chai ikaota utando. Ikafika saa nane, saa tisa. Saa tisa na nusu simu ikalia, na kwanza alisikia upepo tu.

"Ni nani huyo anayesema shule yangu haipo?"

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi, Dulmaa, niliyekutumia—"

"Nina watoto kumi na tisa pale chini. Niwaambie nini? Watoto, fungeni mizigo, mjini wamesema hampo?"

"Nisamehe, mwalimu. Kosa ni langu. Naomba picha moja tu ya shule, ipigwe palepale shuleni, simu ionyeshe mahali."

"Palepale shuleni. Na kuituma?"

Dulmaa alikuwa ameliona jambo hilo tangu jana.

"Itabidi upande tena, mwalimu."

"Binti, kutoka hapa mpaka shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa farasi, na farasi mwenyewe mzee kuliko wewe."

"Tunafunga saa kumi na mbili. Na mwalimu, usiiache simu mkononi, baridi itamaliza chaji. Iweke kifuani, ndani ya joho."

"Loo! Wewe ni mtoto wa wafugaji?"

"Ndiyo."

"Basi kuliko wote, wewe ulipaswa kujua kwamba kiangazi tunakunja."

Simu ikakatika. Dulmaa hakujua kama mwanamke yule ameshuka kwa ajili ya picha au ameshuka kwa hasira.

Saa moja kushuka, saa moja kupanda, na kuwapanga watoto katikati. Hesabu ilimpa dakika chache tu na aliirudia kana kwamba ingebadilika. Saa kumi na moja Sondor alimletea sahani ya maandazi ya nyama, akaiweka bila mzaha wowote. Saa kumi na moja na nusu Bayasgalan alivuta kiti akakaa karibu naye, akafungua ukurasa wa orodha, akaacha mkono juu ya meza. Hakuna aliyevaa koti kwenda nyumbani.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na saba picha ilianza kuingia. Iliingia kidogo kidogo, kutoka juu. Mbingu. Bomba la moshi. Paa jeupe la hema, kisha mengine. Ikakwama.

"Usiiguse," alisema Bayasgalan.

"Sijaigusa!"

Ikaendelea. Watoto mbele ya milango, kofia zimewafunika mpaka nyusi, mmoja amefumba macho. Tarehe ya leo, na mahali ni palepale. Bayasgalan aliandika haraka, akakosea, akafuta, akaandika tena. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili Ulaan Khudag ikaingia kwenye orodha. Sondor akapiga kelele, watu wakapiga makofi.

Simu ikalia.

"Tumo?" Mwalimu Khorloo alikuwa anahema.

"Mmo, mwalimu. Mmo kabisa."

Farasi akakoroma.

"Haya. Na wale wa Baruun Salaa? Mwalimu mwenzangu wa kule naye hukunja mwezi wa sita kama mimi."

Dulmaa aliandika jina lile. Kwenye orodha halikuwamo. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tano.

"Kule ana kilima cha kupata mtandao?" aliuliza.

"Kule ni bonde tupu."

Kila mtu chumbani alikuwa anamtazama.

"Mwalimu, leo hawataingia," alisema Dulmaa. "Na kosa hilo pia huenda ni langu."

"Basi mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitambebea habari hiyo. Nashuka, giza linanikuta."

Saa kumi na mbili orodha ikafungwa. Wenzake walichukua makoti, mmoja mmoja, Sondor akamgusa bega akipita. Dulmaa alibaki amekaa. Alifungua picha zake zote za mwezi wa saba, elfu mbili na kitu, akaanza na ya kwanza, uso umesogea karibu na kioo, akitafuta miviringo aliyoibonyezea hapana.