Ambreyaji Iliyonukia Mawese

Bado naona haya. Ambreyaji, yaani klachi, ya gari la Papa, baba yangu, ilikwisha dada yangu alipokuwa akikaribia kuolewa, nikaibadilisha mwenyewe uani. Disiki mpya niliiona kavu mno. Kwa kuwa napenda kazi safi, niliipaka mawese ya jikoni mpaka ikang'aa. Papa akawa anamwambia kila jirani, "Sitwayeni, raia mwenzangu, ona! Mutoto wangu njo fundi!"

Siku ya harusi, kwenye kilima cha kanisa, injini ilinguruma, lakini disiki iliteleza na gari likakataa kupanda. Harufu ikajaa ndani. Dada, katika gauni lake jeupe, akauliza, "Papa, ni nani anakaanga samaki ndagala huku?"

Papa alikuwa anatazama kucha zangu, zilizokuwa bado nyekundu kwa mawese.