Kibuyu cha Mgaro wa Qurayyat

Niliambiwa kwamba Wagaro, watu wa milimani huko mpakani mwa India na Bangladesh, wana vibuyu ambavyo maji yakilala humo siku tatu humrudishia mzee kila alichosahau, mpaka rangi ya mbuzi wake wa kwanza. Aliyenambia ni dereva mwenzangu kazini, nami nikaamini kama nnavyoamini kwamba kesho jua litatoka. Cheti cha shule ya usiku nnacho, kimetundikwa ukutani. Lakini mwezi ule mama alikuwa keshaanza kuniita Sudi, jina la kaka yake aliyezikwa Unguja mimi sijazaliwa. Mtu aliyefika hapo haulizi ushahidi. Nilitaka aniite Nasoro, mara moja tu.

Jumamosi asubuhi nikatoka nyumbani Mabela na mama ubavuni, nikapita Al Khoudh kumwacha kwa dada yangu Rahma.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Qurayyat. Kuna Mgaro shambani huko, nakwenda kutaka kibuyu."

Nilipomweleza cha nini, alicheka mpaka akashika mlango. "Nasoro! Ndiyo elimu ya usiku hiyo? Mchana haionekani?"

"Cheka wewe. Jumanne mama atakuita kwa jina lako."

Hapo akamshika mama mkono, akamwingiza ndani. Rahma naye mama alikuwa akimwita "mgeni", akimshukuru kwa kumkaribisha.

Ukishapita Al Amerat, barabara inaingia milimani, na milima ile haina hata jani la kumdanganyia mbuzi. Kipoza hewa cha gari yangu kilikufa zamani, Mungu akirehemu. Joto lilikuwa la kukaangia sambusa juu ya boneti, na ningekuwa na unga ningefungua mkahawa. Niliimba njia nzima. Nilipochoka kuimba nikajikuta nalia, nikasema ni jasho.

Saa nne nikafika Qurayyat. Shamba la mitende liko nyuma ya mji, na Mgaro mwenyewe, Jengsan, alikuwa akifungulia mitende maji. Mtu mfupi, mpole, wa makamo. Ukutani mwa shamba alikuwa amepandisha mimea ya vibuyu, na vilivyokomaa vimeanikwa juu ya bati. Akaniketisha kibandani kwake, akanipa tende na chai. Kiarabu chake kilikuwa cha kazini, cha vipande vipande, lakini tulielewana. Akanionesha kazi: kibuyu hulowekwa mpaka nyama ya ndani ilainike, hutikiswa na kokoto mpaka mbegu zitoke, kisha hukaushwa polepole, maana ukikiharakisha kinapasuka.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye msumari wa ukutani mwa kibanda. Hapo kilining'inia kibuyu kimoja cheusi, shingo ndefu, kinang'aa kwa moshi wa miaka.

"Nipe kile, ndugu yangu."

"Kile hapana. Chukua hiki kipya."

"Mama yangu mgonjwa."

"Kwa hiyo hiki kipya, rafiki. Kisafi."

Nikaomba mara tatu, akakataa mara tatu, kwa tabasamu. Nikajua: dawa yenyewe ndiyo ile, ananificha. Nikachukua kipya, nikarudi milima ile ile, safari hii sikuimba.

Jioni hiyo nikamchukua mama Al Khoudh, nikajaza kibuyu maji, nikayalaza siku tatu.

Jumanne nikampa. Akanywa taratibu, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mwezi wa Ramadhani.

"Maji matamu haya, Sudi."

"Mimi nani, mama?"

"Nshakwita, Sudi. Lakini yuko wapi Nasoro, mwanangu? Kaniacha kwa watu, kaenda safari. Ukimwona mwambie arudi, mamake nnamngoja."

Nikasema nitamwambia. Nikatoka uani, nikampigia Jengsan simu, nikafoka: kwa nini alininyima kile chenye nguvu?

"Kile cha mama yangu," akasema. "Nyumbani kwetu tulikichotea pombe ya mchele. Wewe Mwislamu, mama yako Mwislamu. Ningewapaje?"

"Na dawa? Kumbukumbu?"

"Nani kakwambia? Rafiki, kibuyu cha kunywea tu. Mama yangu alinywea kile miaka yote, na alipokufa hakunijua."