Yule Aliyeleta Chai

Kitabu chenyewe tulikisoma kidato cha tatu, na wenzangu wote wa shule walikikariri. Bwana mkubwa, mkewe, mirathi, machozi. Katikati kuna mtumishi. Analeta chai, anatoka, basi. Hata jina hana! Nilikasirika tangu siku hiyo, na hasira yangu mimi haipoi upesi. Nilipofika miaka arobaini nikakaa chini nikaiandika hadithi ile ile upya, safari hii msimulizi akiwa yule mtumishi.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa watu, ng'ambo ya pili ya mji, na hapa mtaani kwetu Jericho hakuna aliyejua. Kila asubuhi alitoka na mkoba na viatu vya kisigino, majirani wakamwita mama wa ofisi, naye akawaachia. Nilipomwambia habari za kitabu alijibu, "Andika. Lakini ukinitaja, mimi na wewe basi." Nikaapa.

Kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji, niliusoma mbele ya watu katika ukumbi wa kanisa. Mama alikuja na kikundi chake chote cha akina mama. Nikasoma sura ambayo mtumishi anaigundua siri ya mirathi kwa kutega sikio mlangoni.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu wa fasihi, mwanamume wa kujisikia kweli kweli, akainua mkono, akasimama. "Binti yangu, mtumishi atayajulia wapi mambo ya wenye nyumba? Ndiyo maana mwandishi wa kwanza alimpa mstari mmoja. Asiye na la kusema humpi kitabu kizima."

Watu wakacheka. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilishaapa. Nikamtupia mama jicho, ameinamisha kichwa. Nikajua nimekwisha.

Mara mama akasimama. Kumbe amenikasirikia mimi!

"Hapo mlangoni umekosea," akaniambia. "Hakuna mtumishi wa kusimama mlangoni. Ukishikwa, unafukuzwa siku hiyo hiyo. Unachukua kitambaa, unapangusa meza uliyokwisha kuipangusa. Polepole. Wenye nyumba hawamwoni mtu anayepangusa. Watasema yote."

Mwalimu akauliza, "Na wewe, mama, hayo umeyajulia wapi?"

Nilitaka kupiga kelele asijibu.

"Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita," akasema, kidevu juu. "Ofisi sijawahi kufanya. Najua wosia uliochomwa, najua na mtoto ni wa nani. Mstari mmoja haunitoshi, Mwalimu."

Haki, nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya. Nilimwonea fahari.

Ndipo akasimama mwenzake wa kikundi, yule tuliyeambiwa miaka yote kwamba alistaafu benki. "Mimi nilikuwa napangusa kabati la vikombe," akasema. Akasimama mwingine. "Mimi nilikuwa nakunja nguo zilizokunjwa." Wakafika watano. Vigelegele vikapasuka, akina mama wanakumbatiana, wanachekana kwa uongo wa miaka nenda miaka rudi. Mwalimu akatafuta kiti chake.

Mama hakuketi. "Haya, toa kalamu urekebishe hapo mlangoni," akaniambia. "Halafu soma kwa sauti. Wa nyuma hawasikii."