Ndani ya Kichwa cha Mama

Daktari alikuwa mtu wa ziwani, Ekegusii, lugha yetu, haelewi. Mama ni mkulima wa chai kule Manga, na Kiswahili chake huishia sokoni. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, mwenye duka Nyakoe na hasira za karibu.

Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umeanza kuangusha vitu, na maneno yanamponyoka. Dawa za ukimwi alizomeza miaka mingi zilikuwa hazimsaidii tena vizuri.

"Mwambie mama tunataka kuona ndani ya kichwa chake," daktari akasema. Nikatafsiri neno kwa neno, huku nikipokea simu ya dukani.

Mama akasimama. "Sipasuliwi!"

Jamani, ukaidi gani huu? Sikumuuliza hata sababu. Nikamwambia, "Basi, shauri yako," nikampakia kwenye boda boda arudi kwake.

Kumbe kwake maneno yale yalikuwa kisu. Babake alipasuliwa na omobari, yule fundi wetu wa zamani aliyefungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili kuondoa maumivu, naye Mama, akiwa mtoto, ndiye aliyeshika beseni la damu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Niliikumbuka baadaye, Mama alipokuwa hawezi tena kuchuma chai wala kumaliza sentensi.

Tukarudi hospitali, Kisii mjini. Safari hii nikamwambia alale tu, hakuna atakayemgusa. Akaingizwa kwenye ile mashine ya sumaku inayogonga kama mtu anayeezeka mabati. Alipotoka akajipapasa kichwa chote.

"Ni... picha?" akaniuliza. "Mbona hukusema ni picha?"

Nilijichukia, nasema kweli.

Daktari akatuonyesha madoa meupe kwenye ubongo. Ni kirusi, alieleza, ambacho wengi wetu tunacho, kimelala. Kinga ya mwili ikishuka huamka na kuharibu ganda linalofunika mishipa ya fahamu. Dawa ya kukiua haipo. Kinachobaki ni kuinua kinga.

"Tungeipata picha hii mlipokuja mara ya kwanza, tungembadilishia dawa mapema," akasema. "Tutajaribu. Lakini kilichoharibika sidhani kitarudi."

Mama akanivuta mkono. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria, "Amesema tumefika kwa wakati."

Mama akanishukuru.